Yule Daktari Asiyekula Samaki

Mpendwa Baba Mdogo,

Barua hii itabandikwa kwenye ubao wa klabu ya Kiswahili hapa shuleni Kahororo, karibu na mlango wa bwalo, mahali ambapo hata wapishi wakipita na ndoo husimama kusoma. Nakala moja inakuja kwako kwa mkono, na nitakueleza ni mkono wa nani. Wewe unanijua. Mimi ndiye niliyekuwa nikisikia hodi natokea mlango wa nyuma naingia kwenye migomba, na Bibi anamwambia mgeni, "Koku amekwenda kuhesabu ndizi." Kwa hiyo ukisikia nimekubali jina langu na aibu yangu visomwe na shule nzima, ujue nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu. Nilikukosea mbele za watu. Nikikuomba radhi kwa kunong'ona, itakuwa nimekukosea tena.

Wanaosoma hapa hawakuliona banda lako, kwa hiyo nivumilie nikikusimulia mambo unayoyajua kuliko mimi.

Banda lilikuwa kijijini Kishanda, mwisho wa kibanja cha Bibi, shamba lake la migomba, pale njia ya kwenda kanisani inapopinda. Kuta za mabanzi, turubai jeusi madirishani, sola moja juu ya bati, na mabenchi sita ambayo kanisa liliyaacha lilipopata mapya. Jumamosi mchana watu wakitoka shambani walikuja moja kwa moja, wengine kutoka Ijumbi. Kina mama walikuja na ungo wa maharage, wakawa wanachambua kwa vidole huku macho wameyakaza kwenye televisheni. Wewe ulikaa juu ya kreti la soda pembeni ya kioo, maiki mkono wa kulia, rimoti mkono wa kushoto, na Waturuki wa kwenye tamthilia wakianza kuzungumza unawashusha sauti. Wao walisema ya kwao, wewe ukasema ya kwetu.

Nilipokuwa darasa la sita uliniruhusu kukaa na wewe siku za Ijumaa, ulipokuwa ukiangalia vipande vya kesho yake peke yako. Mara ya kwanza nilishangaa ulipozima sauti kabisa.

"Utasikiaje sasa?" nikakuuliza.

"Sauti inanichanganya. Ngoja nimwangalie kwanza."

Ulimwangalia mtu vile anavyoshika kikombe, anavyofunga mlango. Ulirudisha nyuma, ukaangalia tena. Uliishia darasa la saba, Kituruki hukukijua, na Kiingereza cha maandishi yale yanayopita chini ulikuwa unakiokota neno moja hapa, moja pale. Lakini Jumamosi ikifika, banda zima lililia pale pa kulia.

Yule mtu wa tamthilia zako hatukuwahi kujua jina lake la kweli. Tulimfahamu kwa bega lake la kushoto, limeinama kidogo kama la mtu aliyezoea kubeba mkungu upande mmoja, na kwa kovu lililokata nyusi. Tamthilia ya kwanza alikuwa daktari wa mjini. Mgonjwa akamfia mikononi, watu wakamnyooshea vidole, naye akapanda treni na sanduku moja, akamwacha binti yake mdogo amesimama dirishani. Ikaisha hivyo. Watu walitoka bandani kimya kama wanatoka kuzika.

Msimu wa senene ulipopita ukaleta tamthilia nyingine. Kijiji cha milimani, gereji ya bati, miguu ya mtu imetokeza chini ya gari. Yule mtu akajivuta nje, akajifuta mafuta usoni, na hapo wewe ukanyamaza. Ulinyamaza mpaka nikasikia maharage yakidondoka kwenye ungo. Halafu ukasema kwenye maiki, polepole, "Ndugu zangu. Mnamwona huyu? Ni yeye. Amebadilisha jina."

Ta Kagaruki, yaani Bwana Kagaruki fundi baiskeli, ambaye hajawahi kukubali kitu mara ya kwanza, akadakia kutoka benchi la nyuma. "Usitudanganye. Yule daktari alikuwa na suti."

"Suti inavuliwa, Ta Kagaruki. Wewe Jumapili ulikuwa na koti. Leo liko wapi?"

Watu wakacheka, naye akacheka. Tangu siku ile banda likawa na kazi ya pili, kazi ya kutafuta ushahidi. Wewe ulianza na sikio. Ulisema daktari akitaka kusema uongo hushika ndewe ya sikio, na fundi naye, alipoulizwa kwao ni wapi, akaishika. Halafu kikaja kile kipande ambacho mtoto wa jirani anakatwa na bati, na fundi anamshona kwa uzi mwembamba, mikono haitetemeki. Mama mmoja akaacha ungo wake akauliza, "Fundi wa magari amejifunzia wapi kushona hivi?" Ukamjibu, "Ndilo swali, mama. Ndilo swali lenyewe."

Ila ushahidi uliowamaliza watu ulitoka kwa Bibi. Alikaa benchi la mbele na kahawa yake ya kutafuna mfukoni, akimwangalia fundi akikaribishwa chakula kwenye nyumba ya watu. Wakamwekea samaki. Akaisogeza sahani kwa kidole kimoja, bila ubaya, akala mkate.

"Hata kule mjini alimkataa," Bibi akasema. "Siku ile ya harusi. Muziro wake ni samaki."

Kwa wenzangu ambao si Wahaya: kila ukoo kwetu una kitu usichokila, na hicho ndicho muziro wake. Mtoto anaupata kwa baba yake kabla hajapata meno.

Ukamsogezea Bibi maiki kwa heshima. "Mama, Mturuki ana muziro?"

"Kwani hana baba?"

Bibi akaendelea kusema kwamba jina mtu anaweza kulibadilisha, na kazi anaweza kuibadilisha, hata kanisa watu wanahama, lakini muziro anakwenda nao. Kuanzia hapo jambo likawa limekwisha. Yule mtu alikuwa mmoja. Jumapili baada ya ibada nilisikia kina mama wakibishana nje ya kanisa ni ukoo gani wa kwetu unaokaribiana na wa daktari. Mzee mmoja wa Ijumbi alikuja siku ya kazi, akamwacha ng'ombe njiani, akuulize tu kama daktari amewahi kumwandikia binti yake. Ulimwambia kwa lile neno letu la heshima, "Anaandika, waitu, ila hatumi." Mzee akatikisa kichwa, akasema hata yeye ana mtoto wa hivyo.

Tamthilia ya tatu alikuwa mwoka mikate kwenye mji wa pwani, nywele zimeanza mvi. Ng'ambo ya mtaa palikuwa na msichana anayefanya kazi duka la vitambaa. Ulitwambia bila haraka, wiki baada ya wiki, kwamba huyo ndiye binti, amekua, na kwamba wote wawili hawajajuana. Ulituahidi siku watakayotambuana. Hakuna Jumamosi iliyokosa mtu.

Sasa nifike pale.

Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, nikiwa Kidato cha Pili. Nilikuwa nimepewa kamusi kwa kuwa wa kwanza somo la Kiingereza, na tangu siku hiyo macho yangu yalikuwa hayatulii. Yalisoma kila kilichoandikwa, mifuko ya sukari, maboksi ya dawa. Na yalisoma maandishi ya chini ya kioo chako. Nilijua kwa wiki mbili kwamba unayosema na yaliyoandikwa ni njia mbili zinazopishana. Nilinyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza.

Jumamosi ile mwoka mikate alikuwa anazungumza na msichana kaunta. Wewe ukasema, "Anamwambia: binti, uso wako nimeuona dirishani zamani." Banda likavuta pumzi. Ta Kagaruki, mbishi wa kuzaliwa, akageuka akaniona mimi kwenye kona.

"Koku, wewe unasoma mjini. Huyu baba yako anatafsiri, au anatupiga kamba?"

Watu wote wakanitazama. Ningeweza kwenda kuhesabu ndizi. Mdomo wangu ukasema, "Hajasema hivyo."

Wewe hukukasirika. Hilo ndilo linalonirudia nikiwa bwenini. Ulisimamisha picha, ukaninyooshea maiki, uso wako una shauku kabisa kama mtu anayetaka kujua. "Amesemaje, Koku?"

Nikasimama. Nikaishika maiki. Nikasema kwa ile sauti ya kusoma mbele ya darasa, "Anasema alizaliwa mtaa huu huu. Baba yake alioka mikate kwenye tanuri hili hili. Hajawahi kutoka nje ya mji huu." Ningeishia hapo, labda ungepata njia. Wewe ulikuwa hukosi njia. Lakini nikaongeza lile ambalo hakuna aliyeniuliza: "Na hizi ni tamthilia tatu tofauti. Hazihusiani. Huyu ni mwigizaji tu, yuko kazini kwake."

Mtu mmoja akacheka, na wa pili. Ta Kagaruki akapiga goti lake. "Miaka miwili! Miaka miwili tunamlilia mtu ambaye hayupo!" Kina mama wakaanza kukusanya maharage yao.

Kanisani tunaungama wote kwa pamoja, maneno yale yale, na mimi hupenda hivyo kwa sababu sauti yangu haisikiki. Hapa niko peke yangu, kwa hiyo nitalisema. Sikuteleza. Nilifurahi. Kwa dakika ile moja watu walicheka kwa sababu yangu na hawakunicheka mimi, na sikuwa nimewahi kuonja kitu kama hicho. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilitaka dakika hiyo isiishe. Ningekuwa nimefanya kwa ajili ya ukweli, nisingelala vibaya namna hii.

Uliichukua maiki ukaifuta kwa pindo la shati. Ukaiweka chini. Ukachukua rimoti ukaipandisha sauti ya Kituruki mpaka juu, ukawaacha wazungumze wenyewe. Tulikaa pale tukisikiliza lugha tusiyoijua, mpaka benchi moja likainuka, na la pili, tukabaki mimi na wewe na Bibi.

Njiani, kwenye migomba, nilitembea nyuma yako nikisubiri. Ulisema kitu kimoja tu. "Kiingereza chako kimenyooka. Mwalimu wako apelekewe mkungu." Na kesho yake kweli ukaukata, ukaufunga kwa majani, ukanipa nije nao shuleni. Nilimpa mwalimu. Alishukuru sana. Sikumweleza ni wa nini.

Yaliyofuata niliyasikia kwa Bibi kwa simu. Watoto walikuwa wakikukuta njiani wanakunyooshea kidole, "Daktari, nishone hapa." Wakubwa walikuja bandani kuangalia mpira tu, na mpira hauhitaji wa kuusemea. Kabla mwezi wa nane haujaisha ulifungua sola, ukaifunga televisheni kwenye blanketi, ukapanda boti kwenda visiwani huko ziwani kwa wavuvi. Bibi aliniambia, "Amekwenda kutafuta maisha," halafu akaniuliza kama nakula vizuri. Namba yako tangu hapo haipatikani.

Sasa nikuambie nilichokuta.

Mwaka jana, likizo ya Desemba, Mama aliniachia simu yake, nikaandika kwenye mtandao habari za mtu mwenye kovu kwenye nyusi. Nikakuta kundi zima la mashabiki wake. Watu wa nchi ambazo nimezisoma kwenye jiografia tu, wanaandikiana kwa Kiingereza, na unajua wanafanya nini? Wanafanya kazi yako. Wana nadharia kwamba tamthilia zake zote ni maisha ya mtu mmoja. Wamechukua picha ya daktari, ya fundi na ya mwoka mikate, wakazipanga, wakachora mishale kutoka kovu hadi kovu. Kuna mmoja ameandika kurasa nyingi juu ya kile kipande cha mtoto kushonwa, na anauliza swali lile lile la yule mama wa ungo. Wanajua ni tamthilia tofauti. Wanajua ni mwigizaji na yuko kazini. Wanajua yote niliyoyasema mimi kwenye maiki, na haijawazuia, kwa sababu si hilo wanalolitafuta. Wamesoma vyuo, Baba Mdogo. Na wewe ulikuwa umefika pale kabla yao, umekaa juu ya kreti, sauti umeizima.

Nilitafuta usiku na mchana kama kuna aliyeona samaki. Hakuna. Kwa hiyo mimi, ambaye darasani sinyooshi mkono hata nikijua jibu, niliandika. Niliwaeleza muziro ni nini. Nikawatajia harusi, na sahani iliyosogezwa kwa kidole kimoja. Nilibonyeza kutuma nikaitupa simu kitandani nikakimbilia nje.

Niliporudi walikuwa wameandika mpaka simu imepata moto. Walikuwa wamerudi kuangalia upya, na mmoja akamkuta mwoka mikate naye amepita kwenye meza ya samaki sokoni ameangalia upande mwingine. Hilo hata sisi hatukuliona. Mtu mmoja akauliza, nani aligundua jambo hili? Nikajibu: bibi yangu na baba yangu mdogo, Kishanda. Nilitaka kuandika pia kwamba ni mimi niliyelivunja. Kwao sikuweza. Ndiyo maana naliandika hapa.

Mwaka huu ametoka na tamthilia ya nne. Amezeeka. Bega limeinama zaidi. Aprili, likizo fupi, nilikwenda nayo kwa Bibi kwenye simu ya Baba. Mvua ilikuwa inapiga bati, tukaiegemeza simu kwenye chupa ya chai. Bibi tangu uondoke hajaangalia kitu. Akaniuliza, "Na nani atanisemea?"

Nikasema mimi.

Nilitafsiri vizuri, Baba Mdogo. Sikuacha neno. Anasema habari za asubuhi. Anasema tafadhali keti. Anasema barabara imeharibika. Baada ya muda Bibi akaniwekea mkono gotini.

"Koku, mbona kama unanisomea tangazo la msiba?"

"Ndivyo anavyosema, Bibi."

"Sikuulizi anasema nini. Nakuuliza ana nini."

Nikazima sauti. Nikarudisha nyuma, kama Ijumaa zetu. Nikamwangalia. Alikuwa kisiwani, mbele ya zahanati ndogo, wamemleta kuwa daktari wa pale. Mlango uko wazi, wagonjwa wako ndani, naye amesimama ameshika fremu, haingii. Na ghafla nikasikia sauti yangu, nene kidogo kuliko ninavyoijua, ikisema, "Bibi, ni yeye. Amerudi kwenye udaktari. Anaogopa kuingia, kwa sababu ya yule aliyemfia."

Bibi akaitoa kahawa mdomoni. "Nilijua atarudi."

Nikaendelea. Nikashika moto, sijui niseme vipi. Nesi wa kisiwani akaleta chakula, sufuria ikafunguliwa, samaki. Mimi na Bibi tukashikana mikono. Yule mzee akaisogeza sahani kwa kidole kimoja.

"Muziro," akasema Bibi.

"Muziro," ikasema sauti nyingine mlangoni. Tukageuka. Ta Kagaruki alikuwa barazani anajikinga na mvua, baiskeli ameiegemeza ukutani, maji yanamtiririka, na hatujui amesimama pale tangu saa ngapi. Nikatazama mlango wa nyuma. Nakuambia ukweli, miguu ilishaanza.

"Usisimame, mwanangu," akasema. "Endelea. Binti yuko wapi?"

"Sijui," nikasema. Nilikuwa simjui kweli. Ningeweza kusoma yote yaliyoandikwa chini mpaka mwisho na bado nisimjue.

"Yule baba yako mdogo angetuambia." Akakamua kofia yake nje. Halafu akasema, "Mimi nilipiga goti siku ile. Goti lenyewe sasa linaniuma." Kesho yake nilimkuta bandani anagongomea mguu wa benchi. Nilipopita akasema ni kwa sababu lilikuwa linamzibia njia.

Nilikuwa bado sijapata ujasiri wa kukuandikia. Kilichonipa ni Ma Anjelina, yule mama anayeleta dagaa kutoka visiwani. Wiki mbili zilizopita alikuja nyumbani kwetu hapa Kahororo, nikiwa nimepewa ruhusa ya Jumapili, na mimi, kama kawaida, nikaenda kuhesabu ndizi, ila mara hii nilihesabu nyuma ya mlango wa jikoni. Mama akamuuliza habari za visiwani. Akasema mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa dagaa hawatoki, wanashinda bure, na kuna Mhaya mmoja ana televisheni anawasemea tamthilia ya daktari mmoja wa Kituruki. Wavuvi wanampenda huyo daktari ingawa hali samaki. Wanasema angekuwa anakula, pale kisiwani wangemlisha mpaka anenepe.

"Daktari huyo ana binti," Ma Anjelina akasema. "Jina lake Koku. Nikasema, mbona kama mtoto wa hapa?"

Mimi nikabana sikio mlangoni.

"Binti kasoma. Siku moja akamsahihisha baba yake mbele za watu. Baba akasikia fahari mpaka akakosa pa kuuweka uso wake. Ndipo akapanda treni."

"Fahari gani ya kumkimbiza mtu?" Mama akauliza.

"Nami nilimuuliza yule Mhaya hivyo hivyo. Akasema, nenda ukamuulize daktari."

Baba Mdogo, niliyasikia hayo nimesimama kati ya ndoo na gunia la mkaa, na sikutoka nje mpaka mgeni alipoondoka, kwa sababu nami nilikosa pa kuuweka uso wangu. Nilikuwa nimepanga kukuomba unisamehe. Sasa naona ulishanisamehe ukanitia na kwenye tamthilia. Lakini nakuomba hata hivyo, na naomba hapa, kwenye ubao, ili kila aliyesikia lile la kwanza, au aliyesimuliwa, asikie na hili. Nilisoma maandishi nikadhani nimemaliza. Wewe ulikuwa unamsoma mtu. Nisamehe, waitu.

Jambo moja kuhusu tamthilia unayowasemea huko kisiwani, na hili nalisema polepole, na maiki iko mkononi mwako. Pale dirishani, binti hakuwa anamnyooshea kidole. Alikuwa anataka baba amwone. Ukiweza, liweke hilo.

Ma Anjelina ndiye anayekuletea barua hii. Ndani ya bahasha kuna flashi, nimekuwekea tamthilia ya nne, vipande vyote isipokuwa cha mwisho. Cha mwisho kiko Kishanda, kwenye flashi nyingine, kimefungwa nailoni ndani ya kopo la kahawa ya Bibi. Sijakiangalia. Kwenye kundi la mashabiki nimejitoa kwa muda ili nisije nikasimuliwa. Bibi naye hajakiangalia, wala hataki, anasema anamsubiri wa kumsemea. Ta Kagaruki ameshamaliza mabenchi matano na anaulizia la sita liko wapi.

Njoo na televisheni yako. Nitakaa chini, karibu na kreti. Ukitaka kujua amesemaje nitakunong'oneza wewe peke yako, kisha wewe utatuambia ana nini.

Na Bibi ameniagiza nikuandikie kwamba siku ukifika hatapika samaki. Nikamwambia wewe samaki unakula. Akasema anajua, ila hawezi kujua utakuja na nani.

Binti wa kaka yako, ambaye ni wako,
Koku